Udongo wa Mferejini Usioogopa Dawa

Saa moja asubuhi Mama Buti anachimba, lakini si shimo la kupandia. Anapiga sepeto pembeni ya mfereji, anachota udongo kiasi cha kijiko, anautia kwenye kichupa na kukifunga kwa nguvu. Kisha anapanda hadi juu ya bustani, kwenye matuta ya vitunguu, anafanya vilevile.

"Huu wa juu mpole," anasema. "Wa chini ndio wenye kiburi."

Ni mjane wa miaka hamsini na miwili, na zaidi ya nusu ya umri wake ameumaliza kwenye mboga hizi nyuma ya nyumba. Majirani walimpa jina hilo tangu alipoacha kuingia bustanini pekupeku. Akizivua buti zake za mpira, linaonekana kovu refu kwenye kisigino cha kushoto.

Mwaka jana, wakati wa mvua, alijikata kwa jembe akiwa amesimama mferejini. Kidonda hakikumshtua, alikiosha, akakifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Haukupita muda mguu ukavimba hata kiatu kikakataa kuingia. Hospitalini alipewa antibiotiki. Akamaliza dozi, mguu ukazidi. Ya pili nayo ikagonga mwamba. Ya tatu, ya sindano, ndiyo iliyomwinua, wakati daktari ameshaanza kumwandaa kwa habari ya kukatwa mguu.

"Maumivu niliyavumilia. Swali ndilo lililoninyima raha," anasema. "Dawa zile sijawahi kuzinywa maishani mwangu. Sasa hao vijidudu walizizoea wapi?"

Alimuuliza kila aliyevaa koti jeupe. Wengi walimwambia ashukuru amepona. Binti wa maabara aliyepima usaha wa kidonda chake ndiye aliyemsikiliza, kisha naye akamuuliza maji ya mfereji huo yanatoka wapi.

Yalitoka kwa shemeji yake. Mdogo wa marehemu mumewe ana karakana ng'ambo ya barabara, anakochovya mabomba na mipini ya baiskeli kwenye mapipa ya maji yenye shaba na nikeli ili ving'are, na maji machafu huyamwaga mferejini. Ndiye pia aliyembeba mgongoni kumfikisha hospitalini mguu ulipovimba.

Binti aliomba udongo wa sehemu mbili. Baadaye alimwita Mama Buti aone visahani alivyooteshea bakteria, vyenye vikaratasi vya duara vilivyolowekwa dawa. Kwenye udongo wa juu, kila kikaratasi kilizungukwa na uwanja mtupu; bakteria walikuwa wamekufa. Wale wa mferejini walijazana hadi ukingoni mwa vikaratasi, kana kwamba hakuna kilichowekwa.

Alimweleza kuwa kwenye madini makali hubaki hai bakteria wenye vijipampu vya kutapika sumu, na pampu hiyohiyo huweza kutapika na dawa. Tena hupeana uwezo huo wao kwa wao.

"Dawa hawajaiona, mama," alisema. "Wamefundishwa na shaba."

Hata hivyo alikataa kuapa kwamba bakteria aliyeingia kisiginoni alitoka mferejini. Hilo, alisema, hana ushahidi nalo.

Mama Buti hakwenda kugombana. Alimwomba shemeji amsindikize maabara, akamwachia avitazame visahani mwenyewe. Mwanamume aliuliza kama kipimo hakikukosewa, akajibiwa kimerudiwa. Waliporudi, alisimama kwenye geti la karakana.

"Shemeji, nina watu sita wanakula kwenye yale mapipa. Nikifunga, waende wapi?"

"Nani kasema ufunge karakana? Mimi nataka ufunge mfereji."

Leo karakanani kuna tangi la saruji lililofika nusu, ambamo maji yatatiwa chokaa ili madini yazame chini. Kazi inakwenda kwa kusuasua. Mama Buti naye ameng'oa mboga zote za karibu na mfereji, na mauzo yake yamepungua kwa theluthi. Halalamiki sana. Jioni huwapitia wanawake wanaolima chini zaidi, akiwasihi nao wavae buti.

Vichupa vya asubuhi hii ni vya kulinganishia; tangi likikamilika, amepanga kupeleka udongo maabara kila msimu. Binti amemwonya kuwa shaba haiozi. Huenda ikachukua miaka, huenda pia kisibadilike kitu.

"Basi tutaangalia," anasema Mama Buti. "Kujifunza waliweza. Nataka nione kama wanaweza kusahau."