Usiulize wa Nani, Uliza Analala Wapi

Kornelia wa kijiji cha Maretadu ana miaka ishirini na tatu, diploma ya kompyuta, na laptop ambayo kitufe chake cha herufi M kiliondoka zamani bila kuaga. Amekibandikia kipande cha plasta. Mambo yanaenda.

Wiki tatu alizunguka boma kwa boma kuandika ng'ombe wa kijiji kizima kwa ajili ya chanjo. Hakulipwa hata soda. Sababu yake ilikuwa mtamba wa bibi yake, Bernadina. Huku watu huwekesha ng'ombe kwa marafiki: mwenzako anamfuga na kukamua maziwa, wewe unabaki mwenye mali. Mwaka jana afisa mifugo alipita na daftari. Kwa bibi wakamwambia, "Hayupo hapa." Alikolala wakasema, "Huyo si wa kwetu." Mtamba akakosa sindano, akafa kwa homa ya mapafu. Bibi akalia kama amefiwa na mtu. Kornelia akaapa daftari lile litastaafu.

Sasa siku ya hesabu imefika. Saa sita mchana, steshenari ya Perpetua pale centa, programu aliyoiandika inasema ng'ombe mia tatu arobaini na mmoja.

"Dada, umehesabu na mbuzi?" akauliza Tadei, ndiye huyo afisa mifugo. "Miaka sita niko hapa, hawajawahi kufika mia tatu. Natuma idadi ya dozi saa nane. Ikifika saa nane bado unabishana na mashine, narudi kwenye daftari langu."

"Daftari lako lina damu mikononi, kaka Tadei."

"Saa nane!"

Kornelia akataka kuona ndani. Kwenye programu yake kila ng'ombe ni kama boksi: jina, rangi, mwenye mali, boma analolala. Akaiambia Python, lugha ya kompyuta aliyoandikia programu, iprinti orodha. Ikajaa mistari ya namna hii: Ngombe object at 0x7f1c.

"Hizi ni namba za vocha?" Perpetua akachungulia. "Nikwangue?"

"Inanionyesha boksi limewekwa wapi, haifungui. Ngoja niifundishe kusema kibinadamu."

Akaandika kamstari ka kueleza ng'ombe akiprintiwa aonekane vipi. Kwa vile ni mtu wa sifa, akaweka kila kitu. Akabonyeza.

Kimeumana. Ng'ombe Madoa akamtaja mwenyewe, Isidori. Isidori akataja ng'ombe wake wote. Nao wakamtaja mwenyewe, Isidori, naye akaanza kuwataja upya, Madoa tena, Isidori tena, skrini inashuka kama mvua ya masika, mpaka Python yenyewe ikasalimu amri: umejirudia mno.

Na wakati huo huo, nani kaingia kuchaji simu? Mzee Isidori, mwenye miwani na mwenye macho.

"Shikamoo babu," Kornelia akasema, akijaribu kufunika skrini kwa kiwiko.

"Marahaba. Hilo si jina langu?"

Perpetua hana breki. "Madoa, Tausi, Kidoti, Shaba... kumi na moja! Babu! Kwenye harambee ya paa la kanisa la kigango si ulisema una ng'ombe mmoja, tena anakohoa?"

Mzee akatoa miwani, akaifuta pole pole. "Mjukuu wangu, nilikuambia wewe, sikuiambia steshenari. Nifute. Na rafiki yangu Basili nitamwambia afutwe, na wengine wote."

Moyo wa Kornelia ukashuka mpaka kwenye ndala. Wazee wakijitoa, ni mwaka jana tena.

"Babu, nisamehe. Ila ukifutwa, Madoa atakosa sindano."

"Kwani sindano inanichoma mimi?" Mzee akamshangaa. "Ng'ombe haulizwi wa nani. Anaulizwa analala wapi. Hata mwizi anajua hilo!"

Kornelia akamtazama. Akatazama skrini. Akacheka peke yake mpaka Perpetua akasogeza kiti.

Akamwondoa mwenye mali kwenye kale kamstari. Akabakiza jina, rangi, analala wapi. Basi. Akaprinti tena, ikatoka safi, imetulia. Na hapo akaliona kosa linamkodolea macho: Madoa, mwekundu, kwa Basili. Mistari michache chini: Madoa, mwekundu, kwa Basili. Alikuwa akimhesabu kwa mwenyewe, kisha kwa mfugaji. Akabakiza hesabu ya anapolala tu.

Mia mbili sitini na watatu.

"Hapo sawa!" Tadei, aliyerudi kuchukua idadi, akaruka. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Na jina langu?" mzee akauliza.

"Lipo ndani ya boksi, babu. Haliprintiki."

Siku ya chanjo, kwa Basili, Tadei alisoma orodha kwenye laptop ya Kornelia, ng'ombe wakaingia mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa ndama wa Bibi Bernadina. Sindano ikaingia, ndama akampiga Tadei teke la paja, na Kornelia akashangilia kama goli la dakika ya tisini.

Nje ya uzio mzee mmoja amesimama, midomo inahesabu.

"Babu Isidori, una ng'ombe humu?" Tadei akauliza, anajisugua paja.

"Mimi? Napita tu."

Kornelia akafunga laptop.