Diski Zilizogawiwa Pamoja na Makoti

Mume wangu hakuwahi kutupa diski ya kompyuta. Kompyuta ikifa, na hapa Tunduma zinakufa hovyo kwa vumbi la malori na umeme wa kukatikakatika, aliifungua, akatoa diski, na sanduku lililobaki akawapa wanunuzi wa vyuma chakavu. "Kichwa chenyewe ni hiki," aliniambia, amekishika kile chuma kidogo kizito kama kipande cha sabuni. "Mengine yote makopo tu."

Alikuwa mpiga video wa harusi, vipaimara na mazishi, na kazi zake zote zilikaa humo. Nusu ya chumba chetu cha duka ilikuwa yangu: nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Nusu yake ilikuwa fujo. Diski nyingi alizijaza kwenye ndoo, nyingine alizivika soksi, na moja niliwahi kuikuta nyumbani kabatini, imelalia mfuko wa unga. Nilimgombeza sana kwa ajili ya hizo diski. Yeye alicheka tu, akaenda zake kupiga picha.

Alipofariki sikulia. Nasema kama ilivyokuwa. Lori lilimkuta na pikipiki yake, simu ikasagika humohumo, na mimi nikapewa habari nikiwa nimeshika kopi za cheti cha mtu. Nilimalizia zile kopi. Msibani watu walinisubiri nilie. Shangazi yake alikaa karibu nami kabisa, ananitazama usoni kama anayengoja maji yachemke, na mimi nilikuwa nawaza kama duka limefungwa vizuri. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nikajua ganzi huwa inaisha, nikangoja. Haikuisha.

Msiba ulipomalizika tulikusanyika kwao Iyula kugawa vitu vyake. Siku hiyo kwao mjane hasemi. Anakaa amejifunika kanga, wazee wanatoa vitu kimoja kimoja juu ya mkeka na kutaja anayepewa. Nguo ni za ndugu, na vifaa vya kazi vya marehemu pia ni vya ndugu, iwe jembe, randa au msumeno. Waliotumwa dukani kuleta vitu vyake walibeba na ile ndoo ya diski. Wazee wakachungulia ndani, wakaona vyuma, na vyuma ni vifaa vya kazi.

Basi diski zikagawiwa pamoja na makoti. Kaka yake wa Ruanda, kijiji cha jirani, akapata koti la mvua na diski zake, mdogo wake wa Isansa akapata buti na diski zake, na mama mzazi akapewa diski moja na blanketi. Kila mmoja alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru. Mimi niliyaona yote kupitia upenyo wa kanga. Hata ningeruhusiwa kusema, sidhani kama ningesema. Nilichotaka ni kwenda kulala.

Dukani zilibaki zile alizokuwa amezivika soksi, juu ya kabati. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa, nami nikaona zitanifaa. Nilivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa muuza vifaa mmoja mwenye maneno mengi. "Mulishani, bamayo!" akanisalimu kwa Kibemba, hujambo mama, kisha akanionyesha kidude wanachokiita doki. Unaichomeka diski kwa juu, kama mkate kwenye tosta, na kompyuta inaisoma. Ukimaliza unaichomoa, unaweka nyingine. Sikuamini kwamba fujo yote ile ya mume wangu ilikuwa na dawa nyepesi hivyo.

Kisha nikamwendea fundi seremala, akanitengenezea kichanja kidogo cha mbao mfano wa kile cha kuanikia sahani, kila diski na mwanya wake. Nikabandika karatasi: pasipoti, barua, vyeti, mitihani ya shule. Nilikuwa napitisha kitambaa hapo kila asubuhi. Kilinipendeza kile kichanja, na kwa kipindi kile sikumbuki kitu kingine kilichonipendeza.

Kabla ya kuifuta diski nilikuwa natazama kilichomo. Zote zilikuwa za kazi zilizokamilika. Harusi, kwaya juu yake. Mazishi, kwaya juu yake. Mume wangu alikuwa msemaji sana nyuma ya kamera, lakini akikata picha alijiondoa mwenyewe, kila neno, akaweka nyimbo. Alisema mteja hakumwita harusini aje asikie mpiga picha anavyokohoa. Kwa hiyo humo hakuwamo, si sura wala sauti. Nilifuta bila kuumia.

Siku moja mama mkwe akanipigia simu kutoka Iyula.

"Mwanangu, siku ya kuweka msalaba kaburini imekaribia. Nina jambo, usinicheke."

"Siwezi kukucheka, mama."

"Sauti ya mwenzako imenipotea. Sura ninayo, nikifumba macho namwona. Lakini namwona anaongea, simsikii. Huko dukani hakuna mahali anaongea? Nimsikie tu kabla hatujaweka huo msalaba."

Nikamwambia nitatafuta. Nilipokata simu na mimi nikajaribu kumsikia, nikakuta kimya. Hilo lilinitisha. Tangu afariki, lilikuwa jambo la kwanza kunitisha.

Hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti, alikuwa anaandika maneno mawili yanatosha. Alipobaki ni mahali pamoja: picha ambazo hakuwahi kuzikata, ambamo bado anapiga kelele kuwapanga watu. Kwenye soksi hazikuwamo, basi zilikuwa kwenye ndoo.

Nikafunga duka, nikabeba laptop na doki kwenye mkoba, nikaanza na Ruanda. Shemeji alinipokea kwa furaha na kunipeleka moja kwa moja jikoni. Alikuwa amezifungua diski zake zote. Sumaku za ndani alizipigilia ubaoni, na visu vya mkewe vilikuwa vimenata hapo, vimejipanga safi kabisa. Kisha akanitoa nje hadi kwenye shamba la mtama nyuma ya nyumba. Visahani vya ndani, vile vinavyong'aa kama kioo, vilikuwa vinaning'inia kwenye nyuzi na kuzunguka juani.

"Ndege hawasogei, shemeji! Marehemu ametuachia kitu cha maana."

"Zimekaa vizuri," nikasema, na kweli zilikuwa zimekaa vizuri, kuliko hata kwenye kichanja changu. Kimoja kilizunguka kikanionyesha uso wangu, kikaendelea kuzunguka. Alipewa chuma, akakitumia kama chuma.

Isansa diski zilikuwa zinazuia mlango wa banda usipigwe na upepo. Zilikuwa zimenyeshewa mvua zote, kutu imekula pale pa kuchomekea. Nilizijaribu moja baada ya nyingine. Moja iligonga gonga ndani, ka, ka, ka, ikanyamaza. Nyingine hazikugonga hata kidogo. Yule kijana wa watu akaniuliza kama ameharibu kitu, nikamjibu hapana.

Ya mama niliiacha mwisho, kwa woga. Niliogopa nayo ikiwa kimya nitamwambiaje. Nilimkuta amekaa kwenye benchi sebuleni, amevaa kitenge kizuri kama anayemsubiri mgeni. Akafungua sanduku lake, akatoa Biblia, na chini yake diski imefungwa kwenye kitambaa.

"Hiki nilipewa mimi, nikakitunza. Sikujua kama ndicho kinachoongea."

Nikachomeka. Ikanguruma, ikatulia, ikafunguka. Ilikuwa siku ya kipaimara, sijui cha watoto wa nani, familia imejipanga kwenye ngazi za kanisa, watu wanasukumana. Nikaongeza sauti.

"Jamani, tusogee! Mzee, kofia hiyo. Watoto mbele, mbele, mbele." Akakohoa. Kisha akasema, kwa ile sauti ya upole aliyoitumia kwa wazee: "Mama, sogea kidogo. Sogea, mwenzio hana nafasi."

Mama mkwe akainuka kidogo kwenye benchi, akasogea.

Hakucheka, wala hakunitazama. Macho yalikuwa kwenye laptop, na kiganja chake kilikuwa kimebaki juu ya nafasi aliyoiacha, akiipapasa. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni karibu na waya. Nikainuka, nikakaa pale.

Ganzi ikitoka mguuni inauma kuliko ilipoingia. Ilianza kifuani, nikainama, nikalia kwa sauti mpaka majirani wakaja mlangoni, na mama aliwaambia kwa mkono wasiingie.

Nilipopata pumzi akanigusa goti.

"Rudisha nyuma, mwanangu."

Nikarudisha. Mume wangu akasema tena mama sogea, na mama akasogea tena, mpaka ukingoni mwa benchi.