Moshi wa Choo cha Vita

Hili nikilisimulia uso unaniwaka mpaka leo, na ninyi mkicheka mimi nitainama tu, sina utetezi. Nilikuwa nimemaliza chuo, serikali imeshaacha kutupangia kazi, nikajiunga na mafunzo ya mgambo kwa sababu moja: mkufunzi wetu, Afande Masanja, aliahidi kwamba nikifanya vizuri atanisemea nipate kazi ya bwana afya mjini.

Siku ya zoezi la vita tukajificha vichakani kando ya ziwa, nusu ya wenzetu wakawa adui wa kututafuta, mimi nikakabidhiwa choo na taka. (Choo! Nikakiwaza kana kwamba taifa zima linakisubiri.) Alfajiri nikalowesha kidole, nikapima upepo, nikaona unaelekea ziwani, basi nikachimbisha mtaro wa choo upande wa ziwa ili jiko libaki na hewa safi. Mimi, mtoto wa Igogo, niliyekulia ufukweni, nikasahau kwamba jua likipanda upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani!

Mchana Afande akaketi na ugali wake na sato, harufu ikamfikia kabla ya mchuzi.

"Bwana Afya," akaniita taratibu, "leo tunakula nini?"

"Mboga ya msomi hiyo, Afande!" wenzangu wakadakia, wameziba pua.

Nikachanganyikiwa. Kufukia kwa udongo, kama tulivyofundishwa wote, nikaona ni jambo dogo mno kwa mtu wa chuo. Nikamwaga mafuta ya taa mtaroni, nikaongeza majani mabichi, nikawasha. Harufu ilipungua, kweli. Lakini moshi! Ukapanda mweusi, mnene, ukatanda juu ya maficho yetu, na adui, waliokuwa wamekwishakata tamaa (walituambia wenyewe), wakaufuata moja kwa moja.

"Mikono juu!"

Afande akainua mikono, tonge bado kiganjani, mchuzi ukimtiririkia kiwikoni.

Kiongozi wa adui, dada Neema muuza mitumba, akauliza, "Nani kawasha?" Nikanyooshewa vidole. "Huyu msimfunge jamani," akawaambia watu wake, "huyu ni wetu!"

Afande akanigeukia. "Umesikia? Basi wakakutafutie kazi haohao."

Na ndivyo ilivyokuwa. Dada Neema alinipa kona ya meza yake sokoni, nikauza mashati mwaka mzima, wateja wakiniita Moshi. Siku hizi taka nafukia, bwana. Kiberiti hata cha kuwashia jiko namwachia mke wangu.