Kidole cha Sirad

Ukitaka kujua kazi zilivyoadimika Garissa, usihangaike kuuliza ofisini. Nenda mtaa wa Galbet asubuhi ukawatazame wauza maziwa ya ngamia. Zamani walikuwa wanawake kama Habibo, darasa la nne na basi. Siku hizi Mulki, mwenye digrii ya biashara, ameketi papo hapo na jerikeni yake, na wenzake humtania kwamba maziwa yake yamesoma lakini yanaganda vilevile.

Habibo aliapa kwamba bintiye Sirad hataketi pale. Sirad ana diploma ya maabara, na miaka mitatu ya kutuma maombi yasiyojibiwa. Mwezi uliopita jina lake likatoka: aje kwenye usaili Alhamisi, aje na kitambulisho. Kitambulisho ndicho hakuwa nacho. Kila akikiomba, anaambiwa faili lake linachunguzwa.

Jumatatu Habibo akamwachia Mulki jerikeni, akaenda mwenyewe na binti hadi ofisi ya vitambulisho. Ulimi alikuwa nao, na njia nzima aliunoa.

Karani alikuwa kijana mpole, jambo lililomharibia Habibo hotuba yote. Akamwomba Sirad aweke kidole kwenye mashine, kisha akawageuzia kompyuta. Palikuwa na picha ya mtoto wa miaka saba, kichwa kimenyolewa, ameandikishwa kambini Dadaab kuwa mkimbizi kutoka Somalia.

Habibo aliijua picha ile. Mwaka wa ukame mbuzi wao waliisha wote kule Bura, hapa hapa Kenya, na kambini watu walikuwa wanagawiwa unga na mafuta. Majirani walikwenda kujiandikisha, na aliyebaki nyumbani alionekana mjinga. Naye akamshika mtoto mkono, akamfundisha njiani kutaja kijiji cha Somalia ambacho hakuna kati yao aliyekiona. Sirad alikitaja vizuri kabisa, bila kukwama.

"Huyu nilimzaa Bura," Habibo akasema. "Mwongo ni mimi, yeye alikuwa mtoto. Niandikeni mimi mkimbizi, yeye mfuteni."

"Mama, mimi sina uwezo wa kufuta," karani akajibu. "Majina yapo Nairobi, na wako wengi kama yeye."

Habibo akamuuliza itachukua muda gani. Karani hakujua. Akamuuliza nani anayejua. Hilo pia hakulijua, na alisema kwa huruma hivi kwamba Habibo hakupata hata mtu wa kumtukana.

Alhamisi saa nne, saa ya usaili, Sirad alikuwa uani akiifukiza jerikeni moshi, kwa kuwa maziwa ya ngamia bila moshi hayafiki adhuhuri. Alikuwa amevaa gauni aliloshonewa kwa ajili ya usaili. Habibo alitaka kumwambia alivue lisinuke moshi, kisha akamsogezea kifuniko.

"Hooyo," Sirad akamwita mama yake bila kuinua uso, "ule unga wa Dadaab ulikuwa mtamu?"

Habibo angeweza kusema ulikuwa na wadudu. Mwingine ulikuwa nao kweli.

"Ulikuwa mtamu," akasema. "Ulikula mpaka ukalala na kijiko mkononi."

Sirad akatikisa kichwa kukubali, akaifunika jerikeni, akaibeba. Wakafika Galbet. Mulki alisogea tu kidogo, akamwachia Sirad nafasi ya kukaa.