Marehemu wa Orodha ya Kifuta Machozi

Nawasimulia nyinyi kwa sababu hamkai Urambo. Kijijini kwetu kila mtu anaijua habari hii, na mpaka leo nikipita sokoni kuna wanaonipa pole ya msiba wangu mwenyewe. Aibu niliitafuta mimi, sikusukumwa na mtu.

Mvua ya mawe ilikuwa imechanachana tumbaku yetu yote, serikali ikasema itatoa kifuta machozi kwa waliopata hasara, kwa hiyo akaja dada mmoja afisa kuandikisha majina. Nilikuwa peke yangu nyumbani, mke wangu Mama Kulwa kaenda kisimani. Dada akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, akasema amehamia huku kutoka Kisarawe, basi moyo wangu ukafurahi, maana Kisarawe ni kwa Wazaramo, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani, yaani mtani hata msibani anakutania na hukasiriki. Akauliza mwenye shamba yuko wapi. Nami (mdomo huu!) nikamjibu, "Mwenye shamba tumemzika jana pamoja na tumbaku yake. Lete ubani, mtani."

"Poleni sana," akasema, akainamisha kichwa, akauliza jina la marehemu, nikamtajia langu, akaandika. Nikajisemea huyu ndiye mtani hasa, anatania bila kucheka.

Kumbe ni Mpare. Kisarawe alifanya kazi tu.

Siku ya kuhakiki majina ofisi ya kata ilijaa, na orodha ilikuwa inafungwa siku ile ile. Nikamsikia anasoma, "Marehemu Maganga. Mrithi asogee na barua ya mirathi."

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama, nikasema Maganga ni mimi na nipo hai. "Mzee, si wewe uliyeniambia mmemzika?" akauliza, akataka shahidi. Ningeweza kumwita jirani yeyote, lakini kwa kiherehere changu nikamwita Shomari, fundi cherehani wetu, Mzaramo wa kweli, mtani wangu wa miaka yote. Shomari akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Marehemu namjua, alikuwa mvivu sana. Huyu simjui."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, niliogopa, kwa sababu bila ile pesa hatukuwa na mbegu za msimu, na dada alikuwa ameshachukua rula akate jina langu.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeniokoa, akathibitisha kwamba ni mimi (huku naye anacheka). Dada akasema sawa, kama shamba ni lako, ni eka ngapi, mlipanda lini, mawe yalianzia upande gani? Nikababaika. Siku ya mawe nilikuwa Tabora mjini, Isevya, kwa shemeji yangu, nakunywa kahawa. Mama Kulwa akasimama kule nyuma akajibu yote, mpaka idadi ya matuta, wala hakupandisha sauti. Dada akaandika jina lake. Aibu ya kuitwa marehemu niliivumilia, ila hii iliniuma, maana hii ilikuwa kweli tupu.

Tangu siku ile nimeapa: mtu akishika kalamu simtanii, hata akiniambia amezaliwa Kisarawe. Kifuta machozi kilitoka, Mama Kulwa akaenda mwenyewe kununua mbegu, akarudi, akauweka mfuko mbele yangu, akaniambia, "Baba Kulwa, kesho alfajiri." Sikuuliza kesho alfajiri kuna nini.