Beseni la Kashata

Wa kwanza kusema yule paka atupwe ni mimi, sifichi. Nauza ndoo na mabeseni ya plastiki chini ya ghorofa letu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mteja akiingia dukani anakunja pua kabla hajauliza bei, sasa atanunua nini? Mkojo wa paka dume, jamani, usikie kwa jirani. Unashuka ngazi, unaingia kwenye bidhaa, unakaa.

Paka mwenyewe anaitwa Kashata, miaka kumi na minne, rangi ya sukari guru. Anakaa juu kwa Mzee Suud, fundi saa. Mimi Candida, Mama Allan, ni Mchaga wa Machame. Mzee Suud ni Mwarabu aliyezaliwa hapahapa Kariakoo; baba yake aliuza halua Msimbazi. Miaka ishirini na miwili tumekuwa majirani na hajaniinulia sauti hata siku moja. Mimi nimemwinulia mara nyingi tu. Mdomo wangu hauna breki.

Miaka arobaini mzee huyu amekaa kwenye kimeza chake pale mlangoni, kioo jichoni, anafungua matumbo ya saa za watu. Walimfuata kutoka Ilala na Upanga. Siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, lakini yeye aliendelea kushuka kila asubuhi, kanzu imepigwa pasi, kucha safi. Nadhifu yule mzee! Tone moja la chai likimwangukia anapanda juu kubadili nguo, mteja asubiri.

Kashata aliokotwa na mkewe, marehemu Bi Saadiya, kwenye meza za samaki, akiwa mdogo wa kuenea kwenye kikombe. Bi Saadiya alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho, alimwambia mumewe mbele yangu na mbele ya binti yao Dalia, "Suud, paka wangu asitupwe." Mzee akasema, "Wallahi hatatupwa." Hiyo ni miaka miwili sasa.

Mkojo ulianza mwaka jana, baada ya Idi. Kwanza kando ya beseni lake la mchanga, halafu mlangoni, halafu kwenye godoro la mzee. Dalia ameolewa Upanga, na kila Ijumaa huja kumfulia baba yake na kumpikia. Aliniambia kwamba paka kwao si najisi, ni kiumbe cha kuzunguka na watu ndani, lakini mkojo wake ni najisi, na baba anasali mlemle chumbani. Basi akawa anamwaga maji, anasugua, anachoma udi mpaka mimi huku chini nakohoa. Nikampa dawa kali ya kuulia vijidudu. Wapi! Mzee akaacha hata kwenda msikitini. Tukasema ni miguu, umri huo.

Siku moja nikakuta kidimbwi mbele ya mlango wa duka. Nikampiga Kashata na ufagio, Mungu anisamehe. Hakukimbia. Alipanda ngazi moja, akapumzika, akapanda nyingine, mguu wa nyuma anauburuta. Mimi nimekua na mbuzi Machame, mnyama mwenye maumivu namjua. Hasira zikaniisha palepale, nikabaki na aibu na ufagio wangu.

Nikamwita Samson, anayeuza dawa za mifugo mtaa wa nyuma. Akamshika kiuno, akambinya taratibu, paka akalia.

"Mama Allan, huyu ni mzee, viungo vinamuuma. Beseni lenu linamfika kifuani, ataingiaje? Na hiyo dawa yenu kali acheni, harufu yake ndiyo inamrudisha palepale."

Akatuachia dawa ya matone. Mimi nikachukua beseni, nikapasha kisu kwenye jiko, nikakata ukingo upande mmoja, ukabaki vidole viwili kutoka chini. Mchanga mpya kila siku. Wiki haikwisha, ngazi zikakauka. Nilivyojisifu! Kila mteja alisimuliwa habari za beseni.

Lakini godoro likaendelea kulowa. "Kashata tena," mzee anasema, macho chini. Dalia akachoka. Ana watoto wanne na mgongo wake mbovu. Akasema, "Baba, Ijumaa ijayo nakuja na kiroba. Tutampeleka soko la samaki, huko hatakosa cha kula." Nilikuwepo. Nilimtazama mzee nikisubiri akumbushe kiapo chake.

"Sawa," akasema.

Iliniuma, haki ya Mungu. Paka mwenye miguu ile akitupwa kati ya paka wa soko, hamalizi siku tatu. Na beseni langu lilikuwa linafanya kazi, naliona! Basi Alhamisi jioni nilipofunga duka, nikambeba Kashata nikamfungia humo na beseni lake. Sikumwambia mtu. Nilitaka ushahidi wa kumpa Dalia, tujue dawa ya matone iongezwe au vipi.

Asubuhi nikamkuta amelala juu ya ndoo zangu, beseni amelitumia vizuri. Nikambeba, nikapanda naye juu nikiwa na hotuba nzima mdomoni. Mlango ulikuwa wazi. Godoro limesimamishwa dirishani, limelowa katikati. Mzee Suud amechuchumaa bafuni anafua shuka, peke yake. Akageuka, akaniona na paka mikononi.

"Shikamoo, baba," nikasema. Ningesema nini?

"Marahaba, Mama Allan. Alilala wapi?"

"Dukani kwangu."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye shuka yake. Nikamweka paka chini, nikashuka. Siku hiyo sikumjibu mteja vizuri hata mmoja. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi yale hayakuwa yangu kuyatangaza, na mzee yule si wa kuumbuliwa na muuza mabeseni. Nikasubiri aseme mwenyewe, na niliogopa hatasema.

Dalia alikuja baada ya swala ya Ijumaa na kiroba cha mchele alichokitoboa matundu ya hewa. Nikamfuata juu. Akamwita Kashata, akaja. Akamtia kwenye kiroba, hakupigana. Afadhali angepigana. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, kanzu imenyooka.

"Baba, muage."

Mzee akaweka kiganja juu ya kiroba. Kiroba kikasogea kidogo, kikamfuata mkono.

"Mfungulie," akasema.

"Baba, si tulikubaliana?"

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ngazi alikojoa yeye. Godoro ni mimi, Dalia. Tangu mfungo mosi, mwezi ule wa Idi, ni mimi. Mkojo unatoka sina habari nao. Msikitini siendi naogopa kuchafua zulia la watu. Nimemsingizia paka wa mama yako, na mama yako nilimwapia."

Dalia akakaa chini sakafuni, machozi yanamtoka.

"Baba, kwani nani anayefua? Si mimi? Ungeniambia tu."

"Kwa sababu ni wewe unayefua," mzee akasema.

Dalia akafungua kamba. "Jumatatu tunaenda hospitali," akasema. "Hilo lina dawa, baba. Na msikitini kuna wa kumuuliza namna ya kusali. Si wewe wa kwanza."

Kashata akatoka kwenye kiroba, akajikung'uta. Akapita katikati yetu, mguu anauburuta, mpaka kwenye kona penye beseni lake. Akavuka ule ukingo nilioukata, akachuchumaa, akakojoa mbele yetu wote watatu. Kisha akafukia kwa mchanga, taratibu, hana haraka.

Mzee Suud alimtazama mpaka akamaliza. "Saadiya alimfundisha vizuri," akasema, akajifuta uso mzima kwa mkono wa kanzu. Ukalowa. Akakaa nayo hivyohivyo mpaka alasiri, hakuinuka kwenda kubadili.