Mwalimu Zita na Figo ya Kaka Yake

Kwa miezi kumi Zita hakuwa amepata haja ndogo ya kujaza hata kikombe cha chai. Kisha, katika hospitali moja ya India, alizinduka kutoka usingizi wa dawa akaona mfuko uliotundikwa kando ya kitanda ukijaa maji ya manjano, tone baada ya tone, na muuguzi akimwonyesha kwa kidole huku anacheka. Ilikuwa Machi 2006. Mwalimu Zita wa Ntobeye wilayani Ngara, mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliutazama mfuko ule wa mkojo akalia kama aliyewekewa mtoto mchanga mikononi.

Chumba cha pili alilala kaka yake Philbert, mkulima wa migomba na maharage, ambaye kabla ya safari ile hakuwahi kuvuka njia panda ya Lusahunga. Figo yake moja ilikuwa imekwisha kuanza kazi tumboni mwa mdogo wake kabla yeye mwenyewe hajaweza kuketi.

Waliporudi Ntobeye, padri alisoma misa ya shukrani, na watu wakapanga mstari kumshika Zita mkono. Wote walimwambia amshukuru Mungu. Hakuna aliyemwuliza aliona nini huko.

Kule India, siku ya nne baada ya upasuaji, mwanamke wa kitanda cha jirani, ambaye walikuwa wakigawana biskuti na kuchekeana kwa kukosa lugha moja, mwili wake uliikataa figo mpya. Walimtoa mchana mbio mbio. Muda mfupi baadaye kitanda kikatandikwa shuka safi, na Zita hakujua amwulize nani, wala kwa maneno gani.

Nyumbani alianza kupima mkojo wake kwenye jagi, kila mara, mwezi hadi mwezi. Akakataa kupanda baiskeli. Binti yake Iteka, mwenye miaka sita, akimkimbilia apakatwe, Zita alijikinga tumbo kwa mikono yote miwili. Darasani watoto wakigonga madawati, jasho lilimtoka akatoka nje, hata darasa akapewa mwingine. Na akimwona Philbert njiani amejitwisha mkungu wa ndizi, alijificha nyuma ya ua mpaka apite.

Novemba Philbert akaugua malaria, akalala siku nne. Zita hakwenda kumwona. Alijiambia: nguvu zake ninazo mimi. Kaka alipopona, Zita akaanza kuruka dawa za jioni, zile za kuuzuia mwili usiikatae figo. Asingeweza kumweleza mtu kwa nini. Aliona kama vile kwa kupunguza dawa alikuwa anarudisha kitu.

Daktari wa Mwanza, aliyempima damu kila baada ya miezi miwili, aliangalia majibu kwa muda mrefu.

"Mwalimu, dawa unakunywa?"

"Za asubuhi, ndiyo."

"Figo bado tunaweza kuiokoa," daktari alisema taratibu. "Lakini kuna jingine linalokuumiza, na mimi sina mashine ya kulipima."

Akamwandikia barua aende kambi ya Lukole, kule kule Ngara. Huko aliishi Nyandwi, mkimbizi wa Burundi, mama aliyefundishwa kuwasikiliza watu waliovunjwa na vita, na wenyeji pia walipokelewa. Zita aliona haya. Yeye hakukimbia vita yoyote.

Nyandwi alimkaribisha kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai, akamwekea kigoda.

"Karibu, Mwalimu. Uliona nini huko?"

Zita alianza kwa Kiswahili, kile cha darasani, akakwama kwenye shuka safi.

"Sema kwa Kihangaza chenu," Nyandwi akamwambia. "Mimi wa Kirundi nitakusikia."

Basi maneno yakamtoka mpaka jua likawa utosini. Nyandwi hakumkatiza hata mara moja. Safari ya tatu ndipo alipouliza:

"Umewahi kumwuliza kaka yako?"

"Nimwulize nini, mama?"

"Hilo unalomjibia kila siku."

Zita alimkuta Philbert shambani akipogoa majani makavu ya migomba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo umenikumbuka!"

"Kaka, unajuta?"

Philbert alichomeka panga kwenye kisiki.

"Nilijuta mara moja. Siku Iteka aliponiambia kuwa mama yake hanywi dawa za jioni." Akakohoa. "Kama ni malaria, hata nilipokuwa na figo mbili niliugua kila mwaka."

Akafunua shati. Kovu lilianzia chini ya mbavu likazunguka hadi mgongoni. Zita aliligusa kwa kiganja; lilikuwa laini, na lenye joto.

"Na figo yenyewe umewekewa wapi?" Philbert aliuliza. Muda wote alidhani imekaa mgongoni, kama ilivyokuwa kwake.

Zita akaushika mkono wa kaka yake, ule uliojaa sugu za jembe, akauweka chini kulia mwa tumbo, juu ya kitenge. Philbert alihisi uvimbe mdogo, mgumu kiasi. Akavua kofia kama anayeingia kanisani.

"Ipo hapa?"

"Ipo."

"Inafanya kazi hata sasa hivi, tunavyoongea?"

"Hata sasa hivi."

Walisimama hivyo katikati ya migomba. Kwa mara ya kwanza tangu India, Zita hakuwa anasikiliza kama figo inachoka. Alikuwa anaistaajabia.

Alirudia dawa zote, asubuhi na jioni, na damu yake ikatulia. Hofu haikumwisha. Hata aliporudishiwa darasa la tatu, kuna siku alitoka nje akasimama ukutani mpaka moyo utulie, na watoto walizoea kuendelea kusoma wenyewe.

Mwaka 2008 Lukole ilifungwa. Zita alipokwenda kuaga alimkuta Nyandwi ameketi juu ya mizigo yake, akisubiri lori la kuwarudisha Burundi, alikokuwa hajakanyaga kwa miaka kumi na mitano.

"Unaogopa, mama?"

"Sana, mwanangu. Sijui hata nianzie wapi kusema."

Zita akavuta ndoo, akaipindua, akaketi.

"Anzia popote," akamwambia.